Shubiri Katika Hadithi ya Koko Nasieku

Juzi alinijia mwalimu kijana, msichana wa watu, ndiyo kwanza ana miaka miwili tangu ashike chaki. Alitaka nimsaidie somo lake la fasihi: wivu na athari zake katika mahusiano. Akafungua daftari akanisomea. Wivu huvunja ndoa. Wivu huleta chuki baina ya marafiki. Wivu huweza kusababisha kifo. Kila athari ina mfano wake, jina la mhusika na ukurasa. Kazi safi kabisa. Nikamuuliza, "Na wewe, umewahi kumwonea nani wivu?" Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mimi, Mwalimu? Hapana jamani!"

Nikajua somo lake halijaanza. Nikamwambia aende, arudi Jumamosi, nitakuwa nimemwandikia kitu. Haya ndiyo hayo. Ni yake, na ni yenu nyote mnaofundisha hadithi kwa watoto wa watu. Na msiniletee habari za "Mwalimu, umri umekwenda, pumzika." Nitapumzika nikimaliza.

Mimi naitwa Basilisa, mzaliwa wa Mbulumbulu, binti wa mkulima wa ngano na maharage. Nimefundisha miaka mingi, lakini nataka kuwaambia ya mwishoni mwa miaka ya sabini kuingia themanini, nilipokuwa Karatu katika elimu ya watu wazima. Kazi yangu ilikuwa gazeti. Msifikirie gazeti la picha za rangi. Zilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini, zikitoka kila mwezi, yaani kila mwezi ambao karatasi zimepatikana. Wazee na akina mama walikuwa wamejua kusoma, halafu hawana cha kusoma. Mtu amehangaika na silabi mwaka mzima, amepata cheti, anarudi nyumbani kusoma nini? Maandishi ya mfuko wa mbolea. Ndipo tukaambiwa walimu tuwaandikie wenyewe.

Mashine ya kudurufu nyinyi hamkuikuta, mna bahati zenu. Kwanza unatoa utepe kwenye taipu, ili vyuma vya herufi vigonge stensili, ile karatasi ya nta, moja kwa moja na kuitoboa. Ukigonga kwa woga, herufi haitoki. Ukigonga kwa hasira, kila o inakatika na kudondoka, ukurasa unatoka na matundu kama umeliwa na panya. Nimewahi kuchapa habari za mkutano wa kijiji siku niliyogombana na mume wangu, watu wakauliza gazeti limepigwa risasi au vipi. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri, unagonga tena. Mwezi wa Juni na Julai ukungu ukishuka Karatu, karatasi zinanyonya unyevu na kushikana. Ilibidi nizipange kuzunguka jiko la mkaa, na mara moja niliunguza toleo zima la kilimo bora cha mahindi.

Aliyenifundisha mashine alikuwa mkuu wetu wa ofisi, Mzee Tluway, Mwiraqw mwenzangu, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Alinipa kanuni mbili na hajapata mtu kunipa nyingine zinazozishinda. Kwanza, sentensi ya kuanzia iwe na kitu ambacho msomaji anacho nyumbani kwake. Jembe, sufuria, mbuzi. Pili, usichape hadithi kabla hujamsomea mtu anayepukuchua mahindi. "Mikono ikisimama, sentensi imefika," alisema. "Mikono ikiendelea, futa." Jaribuni. Siku hizi mtamsomea mtu anayechezea simu, ni yale yale.

Mpukuchuaji wangu alikuwa mama yangu mzazi. Nikienda Mbulumbulu mwisho wa wiki namkuta barazani na gunzi mkononi, naye alikuwa amejifunza kusoma kwenye kampeni ya elimu ya watu wazima, kwa hiyo alikuwa na maoni. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ubaya ulipoanzia.

Nilikuwa na rafiki, Mwalimu Rebeka. Tulisoma naye chuo cha ualimu, vitanda vyetu vikiwa jirani, kipande kimoja cha sabuni tukikikata kwa uzi nusu kwa nusu. Yeye Mmaasai wa Ngorongoro, mimi Mwiraqw, na wazee wetu walikuwa wameibiana ng'ombe vya kutosha. Tulitaniana hayo tukacheka. Tulipomaliza, mimi nikabaki Karatu, yeye akarudi kwao kule juu, ng'ambo ya Kreta, lile shimo kubwa la volkano la Ngorongoro, akawa anafundisha akina mama mchana, kabla ng'ombe hawajarudi. Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea hadithi za upande ule. Anaandika kwa kalamu ya risasi, anampa dereva wa lori la mahindi, lori likishuka Karatu mimi nazipokea, nazichapa. Nisipoelewa mahali naweka alama ya kuuliza pembeni, lori likipanda linamrudishia, naye anajibu. Wiki tatu zinaweza kupita kwa neno moja. Lakini ndivyo tulivyokubaliana, na sikuwahi kugonga neno lake bila idhini yake.

Mimi nami nilikuwa naandika. Hadithi zangu zilikuwa na mafunzo, ziko sawasawa, kila kitu mahali pake. Mzee Tluway akizisoma anasema, "Vizuri. Herufi zimekaa sawa." Herufi! Ikija ya Rebeka, anaisoma akiwa amesimama mlangoni, chai inapoa, halafu anaikunja polepole bila kusema kitu. Akina mama wa darasa langu mwenyewe, niliowashika mikono kuwafundisha kuandika majina yao, wakiniona na karatasi mpya wanauliza, "Mwalimu, ya yule Mwalimu wa Wamaasai ipo?" Nikadhani ni wageni tu wa mambo. Nikamwendea mama.

Nikamsomea yangu. Mikono ikapukuchua mpaka nukta ya mwisho. Nikamsomea ya Rebeka, ya mwanamke aliyemtafuta punda wake siku mbili. Mikono ikasimama kwenye mstari wa pili, na gunzi likamdondoka.

"Mama," nikasema, "na yangu je?"

"Yako nzuri, mwanangu. Yako inanisinzisha vizuri."

Alisema kwa upendo. Nami nilirudi Karatu nimeumia mpaka meno. Hiyo ndiyo sura ya kitu chenyewe, kwa wale mnaotafuta mfano. Haikuja na macho mekundu wala meno ya fisi, kama tunavyowaonyesha watoto. Ilikuja na swali dogo la haki: kwani mimi nina nini?

Basi ikaletwa hadithi ya Koko Nasieku. Koko kwa Wamaasai ni bibi. Alikuwa mwanafunzi wa Rebeka, mzee wa darasa, na hadithi aliisimulia mwenyewe darasani, akaruhusu iandikwe kwa jina lake. Zamani, alipokuwa mke pekee, mume alimgawia ng'ombe wa kukamua, kama ilivyo desturi kwa kila mke. Mume akaoa wa pili, Sintamei, binti mdogo. Kisha akafanya kitu kisichofanywa: akamtoa ng'ombe mmoja, aliye bora, kwenye fungu la Nasieku akampa Sintamei. Nasieku akanyamaza. Sintamei akajifungua. Siku moja akaenda kuchota maji, akamwachia mke mwenzake mtoto na kibuyu cha maziwa, maziwa ya ng'ombe yule yule. Nasieku akakata jani la shubiri, ile yenye sumu, akalikamua ndani ya kibuyu. Akamkalisha mtoto mapajani. Mtoto akaushika ushanga wa shingoni kwa Nasieku, akavuta. Nasieku akakimwaga kibuyu chote chini, akakisafisha kwa kijinga cha moto, akakijaza maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Sintamei aliporudi, akamwambia yote, hakuacha kitu. Wakalia. Na Rebeka akamalizia hivi: "Tangu siku hiyo ni ndugu. Mengine ya nyumba ile hatuyasemi."

Nilipomaliza kuisoma nilikuwa nimesimama, nami sijui nilisimama saa ngapi. Nikajua hii itawashika watu moyo. Nikakasirika. Nasema ukweli, nilikasirika, kama mtu aliyekanyagwa mguu.

Nikaanza kuitafutia kasoro. Nikaipata kwenye sentensi ya mwisho. Mengine hatuyasemi? Hadithi gani hiyo! Mtoto akawaje? Mwalimu gani anaacha mlango wazi? Ningeweka alama ya kuuliza, ndiyo kazi yangu. Nilichukua kalamu kabisa. Halafu nikaiweka chini, nikavuta taipu. Nikajiambia, naikamilisha. Wivu katika hadithi lazima uadhibiwe, msomaji apate funzo. Nikaandika kwamba Nasieku alisita, lakini kijicho kikamshinda. "Mtoto akanywa, akaugua. Na mke mkubwa akanyamaza mpaka uzeeni." Nikagonga kwa utulivu, hakuna hata o moja iliyodondoka. Chini nikaandika jina la Rebeka. Nilitaka ikitoka nzuri nijue ni yangu, na ikitoka mbaya iwe yake. Sikujiambia hivyo wakati ule. Najiambia sasa.

Toleo likapanda na lori. Wiki mbili hazijaisha, dereva akanishushia barua. Haikuwa na salamu, na Rebeka asiyekusalimu si Rebeka. Naikumbuka neno kwa neno:

"Basilisa, umeandika nini? Koko Sintamei ndiye aliyesoma. Ni ukurasa wa kwanza maishani mwake kuusoma mpaka mwisho bila kusaidiwa, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikijivuna, sijautazama. Amesoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, Koko Nasieku ameketi kando yake. Mtoto yule alikufa, Basilisa. Miezi michache baada ya siku ile, kwa homa. Sisi aliyekufa hatumtaji, ndiyo maana hawakusema, na mimi sikusema. Sintamei amesimama, amemtazama mwenzake, ametoka. Amehamia boma la binti yake. Wake wa nyumba moja, miaka yote ile. Darasa limegawanyika, halipo tena. Hukujua, najua hukujua. Lakini uliona mahali nilipoacha. Kwa nini hukuuliza?"

Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, malori yakipita. Nikaketi pale pale kwenye jiwe, na gauni langu la kazi.

Nikampelekea Mzee Tluway. Akaisoma, akakohoa kikohozi chake chote. Alikuwa mtu mwema, na alinipenda. "Tutatoa sahihisho," akasema. "Andika: kumetokea kosa la uchapaji. Magazeti yote hukosea. Yataisha."

Nikaenda kwenye taipu. Nikaweka stensili, nikagonga: kumetokea kosa la. Hapo vidole vikagoma. Taipu haikuwa na kosa. Mashine ile ilikuwa imenitii kwa kila neno. Na kule juu kuna mama mzee anayejiuliza kama mwanamke aliyeishi naye ua mmoja maisha yote alimwua mwanawe, na mimi namjibu kwamba chuma cha herufi kiliteleza! Nikaitoa ile stensili nikaichana. Mzee Tluway akapiga kelele, maana stensili zilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe hatukuwa nayo.

"Unafanya nini, Basilisa?"

"Naichapa upya kama Rebeka alivyoiandika. Halafu napanda mwenyewe."

"Ukisema ulitunga, hii ofisi itakuondoa."

"Iniondoe."

"Na kama wakikufukuza kule?"

"Nitakaa nje ya boma mpaka wachoke kunifukuza."

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Wanawake wa Mbulumbulu," akasema, akarudi kwenye kiti chake. Lakini ruhusa aliitia saini.

Nilichapa ukurasa ule mchana kutwa, nikilinganisha na mwandiko wa Rebeka neno kwa neno. Alfajiri nikapanda lori juu ya magunia ya mahindi. Ukingo wa Kreta ulikuwa na ukungu mzito hata dereva alikuwa akitoa kichwa dirishani kuiona barabara. Baridi ile sitaisahau. Lakini msinionee huruma kwa baridi, nilistahili.

Rebeka alinipokea mlangoni mwa darasa lake. Madawati matupu. Nikaanza, "Rebeka, ndugu yangu, nisa..." Akainua mkono.

"Si mimi wa kuombwa kwanza. Tunaenda kwa Koko Sintamei. Koko Nasieku anakuja nasi, amesema atakuja hata kama hatasalimiwa."

Koko Nasieku alikuwa amesimama nje, mrefu, shuka lake jekundu limefungwa vizuri, fimbo mkononi. Nikamwinamia kichwa, kama mtoto anavyomwinamia mzee, aniwekee mkono. Nikasubiri. Mkono haukuja. Nikainuka. Tukaanza kutembea.

Njiani Rebeka alisema sentensi moja tu. "Chuma majani mabichi. Usiende kuomba amani na mikono mitupu." Hata kwetu Wairaqw majani yana maana hiyo, sikuhitaji kuelezwa. Nikachuma konzi nzima. Tulitembea mpaka jua likapita utosini, tukizunguka mbali pale tulipoona nyati.

Koko Sintamei tulimkuta ameketi kivulini kwa nyumba ya binti yake, anatunga shanga. Mdogo wa mwili, macho makali. Alipomwona Koko Nasieku aligeuza uso. Koko Nasieku akaketi mbali, pembeni ya ua, akautazama mlima. Mimi nikapiga magoti na majani yangu.

Kiswahili alikijua kiasi, lakini kwa jambo lile alitaka Kimaasai, kwa hiyo Rebeka akawa mkalimani. Nikasema, "Maneno yale niliyatunga mimi. Koko Nasieku hakuyasema. Mwalimu Rebeka hakuyaandika. Ni ya kwangu, mimi Basilisa."

Rebeka akatafsiri. Koko Sintamei hakuacha kutunga shanga. Akauliza neno moja.

"Anauliza, kwa nini?"

"Sikujua kwamba mtoto..."

"Hilo sitalitafsiri," Rebeka akasema. Hakupaza sauti. "Hakuuliza ulichokuwa hukijui. Ameuliza kwa nini."

Vijana, nimekaa mbele ya wakaguzi, nimekaa mbele ya kamati, nimejifungua watoto wanne. Sijapata kutafuta neno kwa shida kama pale. Na neno nilikuwa nalo tangu Karatu.

"Nilimwonea wivu Rebeka," nikasema. "Anaandika vizuri kuliko mimi. Watu wanampenda yeye. Mama yangu mzazi anampenda yeye. Nilitaka kuiharibu hadithi yake, nikaharibu nyumba yako."

Rebeka akanitazama. Hakuwa akijua. Miaka yote ile alikuwa akidhani mimi ndiye mjuzi na yeye mwanafunzi. Kisha akatafsiri, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Koko Sintamei akaweka shanga chini. "Wivu wa nini? Mume?"

"Hapana, Koko. Wa hadithi."

"Wa maneno?"

"Wa maneno."

Akamgeukia binti yake aliyekuwa mlangoni, akasema kitu, na binti akajizuia kucheka. Rebeka akanitafsiria, tena kwa raha kidogo: "Anasema, kumbe nyinyi Wairaqw mkikosa ng'ombe wa kuoneana wivu, hata hewa inatosha."

Ningecheka siku nyingine. Koko Nasieku ndiye aliyesema baada ya hapo, kutoka kule pembeni, bila kugeuka. Alisema polepole, na Rebeka akatafsiri polepole.

"Sintamei. Aliyoandika huyu mwalimu, mimi niliyataka. Nilikwambia siku ile ile kwamba niliyataka. Nilitaka anywe. Mkono ukakataa." Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wewe uliandika kutaka kwangu. Kukataa kwangu ukakufuta. Nimeishi na kukataa kule maisha yangu yote. Sina mali nyingine kubwa kuliko hiyo, nawe ukaifuta kwa mashine."

Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa nimefundisha hadithi za wake wenza wenye vijicho kwa miaka, nimewachora ubaoni, nimewauliza watoto sifa zao. Sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba hadithi ya wivu iko pale mkono unapokataa. Mwenye wivu ni kila mtu. Msimulizi mvivu humaliza kwa shubiri kwa sababu ni rahisi, na watu wanatikisa vichwa, wanasema, ah, mwanamke mbaya yule, halafu wanakwenda kulala wakiwa safi.

Koko Sintamei aliniuliza kama nimeleta karatasi nyingine. Nikaitoa kifuani. Rebeka akanyoosha mkono aisome, Koko akampiga kofi dogo mkononi. "Ile nilisoma mwenyewe. Na hii nitasoma mwenyewe."

Akasoma. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, nasi tukakaa. Silabi kwa silabi. Ng'o-mbe. Ki-bu-yu. Akikosea anarudi mwanzo wa mstari, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika kwenye mtoto kushika ushanga, akasimama muda mrefu, nikadhani ameshindwa neno. Hakuwa ameshindwa. Kisha akaendelea. A-ka-ki-mwa-ga. Alilisoma mara mbili. Kisha akamwita mwenzake kwa jina, akauliza jambo ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Ulimwaga?"

"Nilimwaga," akasema Koko Nasieku. "Chote."

Wakatazamana. Wao wanajua walichokitafuta machoni mwa kila mmoja, na mengine ya nyumba ile hayasemwi. Mwisho Koko Sintamei akakusanya shanga zake ndani ya kikapu, akamwambia binti yake amletee shuka na vibuyu vyake. Alipompita Koko Nasieku alimpa kikapu akibebe. Yeye akachukua vibuyu. Wakatangulia njiani, sisi nyuma.

Koko Sintamei aligeuka mara moja tu, akaninyooshea kidole. "Ule ukurasa wa uongo bado uko kwenye nyumba za watu. Sisi tukifa, utabaki unasema. Ukautoe." Na majani yangu? Aliyachukua, msiwe na wasiwasi, alikuwa ameyachomeka kwenye shingo ya kibuyu.

Nikautoa. Ilinichukua miezi. Nilitembea Karatu, Mbulumbulu, mpaka kule Ngorongoro, nyumba kwa nyumba, nikiomba ukurasa mmoja, nikitoa mwingine. Wengine walikuwa wamefungia chumvi, wengine wamevutia tumbaku, mzee mmoja alikuwa ameubandika ukutani kuziba ufa, nikampigia udongo ufa wake nikaondoka nao. Na kila nyumba nilisema kwa nini. Katika toleo lililofuata niliandika mwenyewe kisa cha wivu wangu, chini ya jina langu, mwanzo mpaka mwisho, mama yangu na gunzi lake humo humo. Mzee Tluway alisubiri barua ya kunifukuza. Barua ilikuja ya onyo tu, maana hakuna mwingine aliyejua kuifanya ile mashine isimeze karatasi. Mama aliposomewa, mahindi yalikaa bila kuguswa. "Hii sikusinzia," akasema. Sikufurahi nilivyodhani ningefurahi.

Lakini Rebeka. Siku niliposhuka alinisindikiza mpaka kwenye lori. Nikamuuliza kama ataendelea kuniandikia. Rebeka hadanganyi.

"Kwa sasa hapana," akasema. "Si kwa kukukomoa. Nikishika kalamu nitakuwa naifikiria mikono yako. Siwezi kuandika hivyo."

"Nitasubiri."

"Inaweza isije tena, Basilisa."

"Nitasubiri tu."

Darasa lake lilirudi, wale mabibi wawili wakiwa dawati moja la mbele. Salamu zilikuja na dereva. Hadithi haikuja. Mavuno yakapita, na mengine, na mengine. Kila lori liliposhuka nilitoka nje, nikarudi ndani, nikachapa habari za mbegu na mikutano. Kumbe kusubiri nako ni kazi, na niliifanya kama kazi, bila kumlalamikia mtu.

Mavuno ya nne, dereva akaniita, akanirushia bahasha kutoka dirishani. Mwandiko wake. Kurasa sita, na juu hakuna maelezo yoyote, ila kichwa cha hadithi. Nikafunga mlango wa ofisi, nikatoa utepe kwenye taipu. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilipofika ukurasa wa tatu moyo ukanichoma vile vile, palepale pa zamani, msidhani unapona. Kulikuwa na aya moja pale niliyojua kabisa naweza kuiandika vizuri zaidi.

Niliichapa kama ilivyokuja, kila neno, hata pale. Hasa pale.